Usuluhishi ni Ngao ya Ujirani Mwema

Mpaka wa nchi si jambo la kufanyiwa mzaha. Unapoingiwa na shaka, anayesimama juu yake na silaha mkononi ni askari. Na anayepokea malalamiko ya wavuvi na wakulima wa pande zote mbili ni polisi. Kwa sababu hiyo, njia inayochaguliwa ya kumaliza ugomvi wa majirani inamhusu askari kabla ya kumhusu mwanasheria.

Tanzania na Malawi zimekuwa na mgogoro wa miaka mingi juu ya mpaka katika Ziwa Nyasa. Chanzo chake ni mkataba ambao Waingereza na Wajerumani walitiliana saini mwaka 1890, bila ya kuwauliza wenyeji wa ziwa hilo. Malawi inaushika mkataba huo na kusema kwamba mpaka unapita ufukweni, upande wa mashariki. Tanzania inashikilia kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa, kwani wananchi wa Kyela na Ludewa hawawezi kuambiwa kwamba maji wanayochota na samaki wanaovua ni mali ya nchi nyingine. Mwaka 2012, mipango ya kutafuta mafuta ziwani ilipouchochea mgogoro huo, zilisikika sauti za kutaka kwenda Mahakama ya Kimataifa. Hata hivyo, serikali hizo mbili zilikubaliana kulifikisha suala hilo mbele ya viongozi wastaafu wa Afrika, chini ya Joaquim Chissano, Rais wa zamani wa Msumbiji.

Wako wanaouona usuluhishi kuwa ni udhaifu. Husema kwamba mwenye haki haogopi hakimu. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini yaliyozipata Argentina na Chile yanatoa fundisho.

Nchi hizo jirani za Amerika ya Kusini ziligombania visiwa vitatu, Picton, Nueva na Lennox, katika mlango wa bahari wa Beagle. Kwa hiari yao zilikwenda mbele ya majaji watano. Mwaka 1977 majaji hao waliipa Chile visiwa vyote vitatu. Januari 1978 Argentina iliikataa hukumu hiyo. Ilipofika Desemba, majeshi yalikuwa yamekwisha sogezwa mpakani na manowari zilikuwa baharini. Hukumu ilikuwapo, tena ya majaji mashuhuri, lakini haikuweza kumrudisha askari hata mmoja kambini.

Ndipo Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtuma mjumbe wake, Kadinali Antonio Samorè. Tarehe 8 Januari 1979, mjini Montevideo, pande zote mbili ziliomba usuluhishi, zikaahidi kutotumia nguvu na kurudisha majeshi yao hatua kwa hatua katika hali ya mwanzo wa 1977. Mazungumzo yalichukua karibu miaka sita. Samorè mwenyewe alifariki mwaka 1983, kabla ya kuona matunda ya kazi yake. Mkataba ulitiwa saini Vatican tarehe 29 Novemba 1984, siku chache baada ya zaidi ya asilimia 80 ya wapiga kura wa Argentina kuuunga mkono.

La kuzingatia ni kwamba visiwa vilibaki mikononi mwa Chile, kama majaji walivyokwisha amua. Lakini safari hii Argentina ilisikilizwa juu ya jambo lililoitia hofu zaidi, yaani Chile kuenea katika bahari ya Atlantiki, na mpaka wa baharini ukapangwa kwa maafikiano. Neno lililokataliwa lilipotoka kwa hakimu lilikubaliwa lilipopitia kwa msuluhishi.

Usuluhishi unahitaji muda, na muda huo hulindwa na wenye silaha. Askari mmoja akifyatua risasi bila amri, au polisi mmoja akimdhalilisha mvuvi wa nchi jirani, kazi ya miaka mingi inaweza kuharibika kwa siku moja. Kujizuia huko si woga, bali ni sehemu ya nidhamu na ya ulinzi wenyewe. Tanzania na Malawi zitabaki majirani daima, na wahenga walikwisha sema kwamba wagombanao ndio wapatanao.