Dawa ya Usingizi Itokayo Marekani: Mama, Uliza Kwanza

Mama mwenye mtoto mgongoni, sogea hapa mbele penye kivuli. Na wewe mwenye mimba, keti kwenye benchi, usisimame. Leo somo letu ni juu ya usingizi, na juu ya dawa moja ambayo wengi wenu mmekwisha kuiona nyumbani, lakini wachache wanajua kazi yake. Jina lake ni melatonini.

Dawa hii haikufika Lubondja kwa njia ya hospitali. Imefika katika mizigo ya wageni. Ninyi mnajua habari zenyewe. Vita vya 1996 na vya 1998 viliwafukuza watu wengi wa Fizi. Wengi walivuka ziwa wakaenda Tanzania, wakakaa katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Kutoka kule wengine walipelekwa kuishi Marekani. Sasa wanaporudi kusalimia ndugu wanaleta nguo, wanaleta simu, na mara nyingine wanaleta chupa ya vinini vya usingizi. Mgeni anasema: "Yaya, kama haulale muzuri, kunywa hii. Kule kwetu kila mutu anakunywa." Halafu mgeni anarudi kwake, na chupa inabaki dirishani. Nani ataikunywa? Hapo ndipo hatari inapoanza.

USINGIZI UNATOKA WAPI?

Ndani ya kichwa cha kila mtu, katikati ya ubongo, mna tezi ndogo kama punje ya mchele. Jua likizama, giza likiingia, tezi hii inaanza kutoa melatonini katika damu. Kazi ya melatonini ni kama kazi ya ngoma: inautangazia mwili, "Usiku umeingia." Haimpigi mtu akaanguka usingizini. Inatangaza tu. Asubuhi mwanga ukiingia machoni, tezi inanyamaza. Daktari mmoja wa Marekani, Aaron Lerner, pamoja na wenzake, waliitambua melatonini mwaka 1958. Baadaye watu walijifunza kuitengeneza kiwandani na kuitia katika vinini.

Sisi tuko na bahati. Hapa kwetu jua linatoka karibu saa kumi na mbili na kuzama karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Kwa hiyo saa ya mwili wetu haisumbuki sana. Lakini angalia: mwanga wa simu karibu na macho, usiku, unaidanganya ile tezi. Inadhani bado ni mchana, basi haitoi melatonini vizuri. Kijana anayetazama simu mpaka saa sita ya usiku, kisha analalamika kwamba hana usingizi, asitafute kinini. Azime simu.

MGENI WA NDEGE NA USINGIZI WAKE

Jua likiwa utosini hapa Lubondja, saa sita ya mchana, huko Chicago ni alfajiri, watu wamelala. Sasa ndugu yako anatoka kule kwa ndege. Siku mbili tu, amefika. Macho yake yamefika Fizi, lakini saa ya mwili wake bado iko Chicago. Sisi tunapolala saa tatu ya usiku, mwili wake unasema, "Huu ni mchana, chakula kiko wapi?" Asubuhi sisi tunakwenda shamba, yeye anasinzia juu ya bugali. Usimcheke, wala usidhani amerogwa, wala usiseme amekuwa mvivu. Mwili wake unajirekebisha polepole, karibu saa moja kwa kila siku, hivyo anaweza kuhitaji juma zima.

Kwa mtu wa namna hii melatonini inasaidia kweli. Wataalamu walikusanya majaribio mengi na kuyapima pamoja, wakaona hivyo mwaka 2002. Lakini iko na kanuni zake:

1. Ni kwa mtu mzima aliyevuka saa tano au zaidi. Aliyetoka Kigoma au Kinshasa amevuka saa moja tu. Huyo hahitaji kitu.

2. Kipimo ni kidogo: nusu miligramu mpaka miligramu tatu. Asipite tano. Kukunywa nyingi hakuleti usingizi zaidi. Kunaleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kusinzia kesho yake. Chupa nyingi zina vinini vya miligramu tano au kumi, basi asome namba kabla ya kumeza.

3. Anakunywa saa ya kulala ya mahali alipofika. Akikunywa mchana, anaichafua saa ya mwili zaidi.

4. Anakunywa kwa siku chache tu, mbili mpaka tano, kisha anaacha. Mchana atembee nje juani, asijifungie chumbani.

5. Akiisha kukunywa, asiendeshe pikipiki, wala asichanganye na pombe, iwe kasiksi au lotoko.

6. Mtu mwenye kifafa, au anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda, au dawa nyingine za kila siku, amwulize muuguzi au daktari kwanza.

Mama mwingine atasema, "Mimi sipandi ndege, hii inanihusu nini?" Inakuhusu, mama, kwa sababu chupa imebaki nyumbani mwako.

USIMPE MTOTO

Kule Marekani melatonini nyingine inatengenezwa kama bomboni, laini, tamu, nyekundu na manjano. Mtoto akiona bomboni, atakula moja? Atakula zote. Kule Marekani kuna watu wanaopigiwa simu mtoto anapomeza sumu au dawa. Mwaka 2012 walipigiwa kwa ajili ya melatonini mara 8,337. Mwaka 2021 ilikuwa mara 52,563. Wengi wa watoto hao hawakupata neno baya. Lakini wengine walilazwa hospitalini, na katika miaka hiyo kumi wawili walikufa. Na hao walikuwa na gari la wagonjwa karibu. Sisi hapa tuko na milima na barabara ya matope.

Tena, chupa yenyewe haisemi kweli siku zote. Tangu sheria ya mwaka 1994, melatonini inauzwa Marekani pamoja na vitamini, bila karatasi ya daktari, na serikali haiichunguzi kabla haijauzwa. Uingereza, melatonini ile ile haitolewi bila karatasi ya daktari. Mwaka 2023 wachunguzi wa Marekani walipima namna 25 za zile bomboni. Katika hizo, 22 hazikuwa sawa na namba iliyoandikwa kwenye chupa. Nyingine ilikuwa na dawa zaidi ya mara tatu. Nyingine haikuwa na melatonini hata kidogo. Basi wewe unayempa mtoto nusu ya bomboni, unajua unampa nini? Hujui.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hayo. Sikilizeni vizuri.

Tuseme mtoto wako analia usiku. Halali. Anageukageuka, mwili una moto. Mama mkwe anasema, "Mupe ile ya Marekani alale, na sisi tulale." Unampa. Mtoto ananyamaza. Nyumba yote inafurahi. Lakini mtoto hakulia kwa sababu ya kukosa usingizi. Alilia kwa sababu ya malaria. Kilio kilikuwa kinakuita. Umekinyamazisha, na malaria inaendelea na kazi yake mpaka inapanda kichwani. Asubuhi unamwamsha mtoto, haamki. Je, ni dawa inayomlaza, au ni ugonjwa? Hata sisi wauguzi itatusumbua kujua, na kila dakika inayopita ni ya hatari.

Kwa hiyo, mtoto asipolala usiku, usitafute kitu cha kumlaza. Tafuta kinachomwamsha. Mguse: ana moto? Angalia masikio, tumbo, meno, ngozi. Amekula? Amelala ndani ya mosikitere, au mbu wanamla? Kama ana moto, mlete apimwe damu ya kidole, hata kama kumekucha sasa hivi.

Na mtoto anayelala kupita kiasi, asiyeamka kunyonya, anayetapika kila kitu, au aliyeshikwa na degedege, huyo usingoje kuche. Mlete usiku huo huo.

Kama mtoto amemeza vinini vya usingizi: usimtapishe, usimpe mafuta wala maziwa. Mlaze ubavu, angalia kama anapumua, mlete mbio pamoja na chupa yenyewe. Chupa itatuonyesha alichomeza.

MAMA MWENYE MIMBA NA MAMA ANAYENYONYESHA

Wewe pia usikunywe. Haijathibitishwa kwamba vinini hivi ni salama kwa mtoto wa tumboni au kwa mtoto anayenyonya. Tena wewe huna haja ya kununua. Maziwa yako ya usiku yana melatonini ndani yake, na ya mchana karibu hayana. Mtoto mchanga bado hajajua kutengeneza ya kwake vizuri. Anaanza akiwa na miezi miwili au mitatu. Ndiyo maana mtoto wako wa juma moja anageuza usiku kuwa mchana. Si ugonjwa, wala si uchawi. Tumbo lake ni dogo, anahitaji kunyonya mara nane mpaka kumi na mbili usiku na mchana. Usiku mnyonyeshe katika giza, pasipo makelele. Mchana mtoe nje mahali penye mwanga. Naye atajifunza. Na wewe baba unayesoma karatasi hii, au unayesomewa: mama akiamka mara nne usiku, asubuhi chukua ndoo uende kisimani.

KAMA WEWE MWENYEWE HULALI

Mama mmoja mmoja atasema, "Muuguzi, mimi si mtoto wala si mgeni, lakini usingizi umenikimbia." Nakusikia. Jiulize mambo haya.

Unakunywa kahawa au chai kali jioni? Nguvu ya kahawa inakaa mwilini saa nyingi. Iache tangu mchana.

Unaamka kwa sababu ya maumivu, kikohozi, au kukojoa mara nyingi? Huo ni ugonjwa wa kutibiwa, si wa kulazwa kwa kinini.

Kuna mtu nyumbani anayesinzia mchana kutwa, na usiku anazungukazunguka hana usingizi, tena akili zake zinageuka? Mlete. Ugonjwa wa malale, ule unaoletwa na mbung'o, haujaisha katika Kongo yetu. Unageuza usiku na mchana, na uko na dawa yake. Melatonini haiuponyi.

Au ni woga na huzuni? Umesikia risasi, umekimbia porini na watoto, umezika. Sasa kila usiku mlango ukilia unaruka. Mama, huo si udhaifu. Mwili wako umejifunza kukesha ili uwe hai, na bado haujaamini kwamba leo kuna amani. Kinini cha giza hakiwezi kuondoa hofu. Zungumza na mtu unayemwamini. Lala pamoja na mwenzako, si peke yako. Lala na kuamka saa zile zile kila siku. Kama usingizi umekukimbia kwa majuma mawili au zaidi, au hutaki kula, njoo kwetu, tutakaa faraghani. Na kama unafikiri afadhali ufe, njoo leo hii hii, usingoje siku ya kliniki.

Jambo moja zaidi. Sokoni kuna mtu anauza vinini vingine vya usingizi, diazepamu, wengi wanaiita Valium. Hiyo si ndugu ya melatonini. Ina nguvu nyingi, mwili unaizoea mpaka huwezi kulala bila hiyo, na ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi. Usinunue dawa ya usingizi sokoni, hata kimoja.

KUMBUKA

Melatonini ni kwa mtu mzima aliyesafiri mbali, kipimo kidogo, usiku, siku chache.

Si ya mtoto, isipokuwa daktari mwenyewe ameiandika. Si ya mama mwenye mimba wala anayenyonyesha.

Mtoto anayelia usiku anakuita. Tafuta sababu.

Chupa iliyoachwa na mgeni usiiweke dirishani wala chini ya kitanda. Ilete hapa. Tutakusomea kilichoandikwa, na kama haifai tutaitupa kwa njia salama. Hatutakugombeza, wala hatutauliza nani aliileta.

Sasa, mwenye swali aulize. Na mama ambaye mtoto wake hakulala jana, asiondoke. Abaki nyuma, tumwangalie mtoto pamoja.