Suruali ya Marinda au Isiyo na Marinda: Ipi Imfaayo Karani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nilipotoa jina la hotuba hii wako waliocheka, wakasema, "Je, Chama kimekosa mambo makubwa hata tuzungumze suruali?" Siwalaumu. Lakini nawaomba wanivumilie kidogo, kwani jambo hili limekwisha niaibisha mimi mwenyewe, na aibu ile haikuishia kwangu. Mabibi nao wataniwia radhi. Khabari hii ni ya wanaume, illa huenda wakapata neno la kuwashauri ndugu zao.

Nilipoanza kazi ya ukarani nilikuwa kijana mwembamba wa kimo lakini mnene wa mapaja. Mshahara wangu wa kwanza haujafika mkononi, nami nalikwisha kwenda kwa fundi cherehani kuagiza suruali kwa deni. Vijana wa mji wakati ule walivaa suruali za kubana, zisizo na rinda hata moja. Fundi, mzee mwenye adabu, alinipima, akaniambia, "Mwanangu, karani ni mtu wa kuketi na kuinama. Nikutilie rinda moja kila mguu." Nikamjibu kwamba sitaki suruali ya wazee. Akanyamaza, akashona nilivyotaka.

Asubuhi moja mzee mmoja alifika dirishani kuulizia karatasi zake za kiinua mgongo. Faili lake lilikuwa rafu ya chini kabisa. Nikainama kulitafuta, na hapo mshono wa nyuma ukapasuka toka kiunoni hata chini. Nikasimama, mgongo nimeuegemeza ukutani, nikamwambia, "Mzee wangu, faili halionekani, njoo kesho." Akasema, "Haya, mwanangu," akaenda zake. Kesho yake alipokuja nikapata kujua kwamba kwao ni mbali, na kwamba amelala kwa watu. Hakunilaumu, kwa kuwa hakujua. Mimi nalijua. Tangu siku ile nimeichunguza khabari ya suruali, na leo nataka kuwagawia niliyoyapata.

Kwanza tutazame marinda ni nini. Rinda ni mkunjo wa kitambaa ulioshonewa chini ya ukanda wa kiuno, mbele ya paja. Rinda lenye kina cha nusu inchi huficha inchi moja nzima ya kitambaa, maana nguo imekunjwa. Basi suruali yenye rinda moja la namna hiyo kila mguu ina inchi mbili za akiba. Mtu aketipo, nyonga hupanuka na mapaja hujaa. Mkunjo hufunguka ukampa nafasi, na asimamapo hujifunga tena. Hiyo ndiyo kazi ya rinda. Si pambo tu, kama nilivyodhani ujanani.

Marinda yako ya namna mbili. Yako yaelekeayo ndani, upande wa vifungo, ambayo mafundi wa Uingereza waliyapenda zamani. Na yako yaelekeayo nje, upande wa mifuko, ambayo yamezoeleka sana Italia na Marekani. Yote mawili ni sawa kwa kazi, lakini yaelekeayo nje hulala vizuri zaidi kwa watu wengi. Suruali isiyo na marinda haina akiba hiyo mbele. Sharti nafasi yote itoke katika kipimo chenyewe, na katika vishono vidogo vya nyuma vinavyolipa umbo kalio.

Pili, tukumbuke kwamba mtindo hugeuka kama upepo wa bahari. Mnamo mwaka 1925 wanafunzi wa Oxford walivaa suruali pana mno, na katika miaka iliyofuata marinda yakaenea. Vita vilipokuja, Serikali ya Uingereza iligawa nguo kwa kadi kuanzia tarehe 1 Juni 1941, na mwaka 1942 ikakataza mikunjo ya chini ya miguu ya suruali ili kuokoa kitambaa. Wanaume walinung'unika sana. Wengine walinunua suruali ndefu kuliko miguu yao, wakaenda kuzikunja nyumbani. Amri ile iliondolewa mwaka 1944. Hapa twajifunza kwamba killa mkunjo ni kitambaa, na killa kitambaa ni fedha.

Hata huku kwetu suruali imewahi kuwa neno la siasa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia mwanzo wa mwaka 1969 ukapiga vita mjini Dar es Salaam nguo fupi za wanawake, nywele za bandia na suruali za kubana. Lakini baadaye vijana wakavaa bugaluu, zilizobana mapajani na kutanuka chini. Kisha katika miaka ya 1980 na 1990 marinda yakarudi, tena mawili mawili. Baada ya mwaka 2000 yakafukuzwa tena. Na sasa yanarudi. Anayefuata mtindo peke yake atashonesha nguo maisha yake yote, wala hatafika.

Basi tumwulize mtu mwenyewe na kazi yake. Aketiye mezani toka asubuhi hata jioni, na mwenye mapaja mazito, rinda moja kila mguu lamfaa sana. Marinda mawili ni ya kitambaa chepesi kianguka-nacho vizuri, kama sufu laini. Katika drili nene huongeza uzito na joto kiunoni bila faida. Mtu mwembamba asiye na nyonga, suruali isiyo na marinda humpendeza zaidi. Marinda makubwa humfanya aonekane amevaa suruali ya kaka yake. Kadhalika apandaye baiskeli, au mpima ardhi apitaye vichakani, yafaa apunguze kitambaa cha kunaswa, mradi asibanwe.

Wako wasemao kwamba mwenye tumbo asivae marinda. Nadhani kosa si la marinda, bali la mahali pa kufungia. Suruali ya marinda imekusudiwa kukaa kiunoni penyewe, karibu na kitovu. Ukiishusha chini ya tumbo, marinda hufunguka yote, ndipo mtu huonekana kama amebeba mto. Mwenye tumbo aifunge juu, au atumie kanda za mabegani badala ya mshipi, naye ataona tofauti.

Sasa nitasema jinsi ya kuijaribu suruali kabla ya kulipa, iwe kwa fundi au katika mitumba. Simama wima mbele ya kioo. Marinda yakiwa wazi nawe umesimama tu, suruali ni ndogo, usiichukue. Ikiwa haina marinda, tazama mifuko ya ubavuni: ikisimama nje kama masikio, nayo ni ndogo. Kisha omba kiti uketi. Halafu uchuchumae, uiname kama mtu aokotaye kitu sakafuni. Usione haya mbele ya fundi. Heri uone haya kwake kuliko mbele ya watu dirishani.

Mkumbushe fundi akuachie inchi moja au zaidi ndani ya mshono wa nyuma, maana mwili wa karani hunenepa pole pole. Kitambaa cha pamba kiloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwani hurudi kikifuliwa. Katika kupiga pasi, mstari wa mbele wa mguu ukutane na rinda la kwanza, wala usiushindilie mkunjo wenyewe hata chini pajani. Acha ufe pole pole. Sufu ipigwe juu ya kitambaa chenye unyevu, isije ikang'aa. Suruali ya marinda yataka muda zaidi wa pasi. Asiyekuwa na muda huo achague isiyo nayo, kwani marinda yaliyokunjamana ni mabaya kuliko kutokuwa na marinda.

Na neno la mwisho ni la deni. Twajua jinsi karani kijana ajionavyo kwamba atadharauliwa asipovaa kama wenziwe. Lakini suruali mbili za kawaida zilizolipiwa ni bora kuliko moja ya fahari ambayo fundi anaidai mlangoni killa mwisho wa mwezi. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mimi nalivaa mkakasi ule, na mwenye kulipa gharama hakuwa mimi, bali mzee aliyelala ugenini.

Kwa hiyo, wenzangu, mkiniuliza shauri langu kwa karani wa mezani, nasema: rinda moja kila mguu, lenye kina cha wastani, suruali ikifungwa kiunoni. Mwembamba na mtu wa safari wachague isiyo na marinda, yenye nafasi. Lakini killa mmoja ajiulize neno hili kabla ya kuvaa nguo ya kazi: je, nitaweza kuinama hata rafu ya chini kwa ajili ya mtu aliyekuja kwangu na haja? Akiweza, nguo yake yatosha, wala asibabaike na mtindo.

Nilipokosea, walio mafundi kuliko mimi wanisahihishe wakati wa maswali.