Maumivu ya Kumeza

Jioni hii twapenda kusema nanyi habari ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni maumivu ya kumeza. Chakula na maji havina njia nyingine ila koo. Njia hiyo ikizibwa, mtu hudhoofika upesi, na mtoto zaidi.

Kwanza yatupasa kuuliza: maumivu yako wapi? Yakiwa juu, kooni, pamoja na mafua na kikohozi, mara nyingi hupoa yenyewe kwa muda wa juma moja hivi. Mgonjwa na apumzike, anywe uji mwembamba na maji mara kwa mara, na asukutue kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa chumvi, nusu ya kijiko cha chai kwa bilauri moja.

Lakini mtoto akiwa na homa bila kikohozi, tezi za shingo zimevimba na kuuma, na mafindo ya koo yana madoa ya usaha, apelekwe zahanati. Huenda ni vijidudu viitwavyo streptokoki. Visipotibiwa kwa dawa kama penisilini, vyaweza kuleta baadaye ugonjwa uharibuo vali za moyo. Dawa na imalizwe yote kama ilivyoagizwa, hata maumivu yakikoma mapema.

Yakiwa chini, nyuma ya mfupa wa kifua, ugonjwa u katika umio. Pengine ni kidonge kilichomezwa bila maji ya kutosha, kikakwama na kuunguza. Basi tumeze dawa kwa bilauri nzima ya maji, tukiwa tumeketi au kusimama, wala tusilale papo hapo. Pengine ni utando mweupe ulioshuka kutoka kinywani, uwapatao hasa wale ambao kinga ya mwili imepungua, kama wenye virusi vya UKIMWI. Mtu huyo asione haya kupimwa, kwa kuwa dawa ipo. Na mtu mzima ambaye chakula humkwama siku hata siku, naye akonda, asingoje. Huenda ni saratani ya umio.

Wako wasemao kwamba dawa ya koo ni kukata kimeo. Wazee twawaheshimu, lakini neno hili hatuwezi kulikubali. Kukata kimeo hakuondoi ugonjwa, bali kwaweza kuleta kutokwa damu nyingi, pepopunda, hata kifo.

Na sisi walimu tuna kosa letu la kuungama. Tulikuwa na mwanafunzi aliyeacha kula, akawa akitema mate katika kopo, na sauti yake imekuwa nzito kama ya mtu mwenye kiazi cha moto kinywani. Tulidhani akwepa kazi ya shamba, tukamkemea. Siku ya pili hakuweza kufunua kinywa. Hospitalini dakitari aliona jipu kando ya findo, akalipasua, usaha ukatoka. Na jioni ile kijana akanywa uji. Tulimwomba radhi.

Basi, wasikilizaji, shikeni hili: asiyeweza kumeza hata mate yake, au kufunua kinywa, au apumuaye kwa shida, apelekwe hospitali saa ile ile, wala asingojewe kuche. Kwaherini.