Taa ya Uani na Usalama wa Familia



Taa ya nje humulika lango, zizi na njia ya chooni. Lakini hunyeshewa mvua na kuchomwa na jua, na mara nyingi hufungwa kwenye nguzo ya chuma ambayo mtoto huishika akiwa pekupeku. Ganda la waya likichubuka na waya wenye umeme ukagusa nguzo, nguzo yote hubeba volti 230.

Wengi huamini kuwa sakiti breka itakata umeme papo hapo. Breka ya ampea 10 imewekwa kuulinda waya usiungue, ilhali umeme usiofika hata sehemu moja ya kumi ya ampea huweza kumuua mtu. Maisha yanaweza kupotea na breka isikate.

Kinga ya kwanza ni eathi: waya wa kijani na njano unaounganisha nguzo na fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini, ili umeme unaovuja upate njia. Hata hivyo, udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Ukinzani wa fimbo ukiwa omu 50, zitapita takriban ampea 4.6 tu, breka haitakata na nguzo itabaki na umeme.

Kwa hiyo eathi iambatane na kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Hicho hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na hukata tofauti isizidi miliampea 30. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyezwe mara kwa mara, na kisipokata aitwe fundi.

Waya upitishwe ndani ya bomba, viungio viwe ndani ya kisanduku kisichoingiza maji, wala visifungwe kwa mfuko wa nailoni. Taa yenye alama IP65 huzuia vumbi na maji ya kurushwa.

Kazi hii ikabidhiwe fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwenye nyumba aombe kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza.

Na mtu akinaswa na umeme, asiguswe. Izimwe kwanza swichi kuu, kisha aokolewe na kuwahishwa kituo cha afya. Kila aliyemo nyumbani, mkubwa kwa mdogo, aijue swichi hiyo ilipo.