Lango Moja la Madaktari

Askari ye yote aliyewahi kungojea orodha ya waliopandishwa vyeo anajua uchungu wa kutoliona jina lake. Lakini anajua pia kwamba mkuu wa kikosi chake ameulizwa habari zake, na jalada lake la utumishi limefunguliwa. Mwaka 2007 madaktari vijana wa Uingereza walikosa hata faraja hiyo.

Hapo awali, daktari aliyetaka mafunzo ya ubingwa, uwe wa upasuaji au wa magonjwa ya watoto, alipeleka maombi sehemu mbalimbali, akahojiwa na wale ambao wangemfundisha. Utaratibu huo ulikuwa na dosari zake. Kujuana kulisaidia, na vijana wengi walizunguka kwa miaka katika kazi za muda zisizo na hatima. Serikali iliazimia kuusafisha, na nia yake haikuwa mbaya. Ikaanzisha mfumo mmoja wa kompyuta kwa nchi nzima, ulioitwa MTAS. Madaktari zaidi ya 30,000 wakapita katika lango hilo moja kwa msimu mmoja, wakigombea nafasi zilizopungua kwa maelfu. Kila mmoja aliruhusiwa machaguo manne tu.

Fomu yenyewe ndiyo iliyowasha moto. Iliwataka waombaji waeleze tabia na uzoefu wao kwa insha fupi za maneno 150, wakati shahada za ziada, utafiti na miaka ya kukesha wodini vilipewa alama haba. Mwenye kalamu nyepesi aliweza kumpita mwenye mikono hodari. Wakawapo madaktari wenye sifa nzuri ambao hawakuitwa kwenye usaili hata mmoja, nao walikuwa na watoto, madeni ya masomo na wagonjwa wanaowategemea.

Tarehe 17 Machi, 2007, maelfu yao waliandamana London. Mwezi uliofuata Serikali ililegeza kamba: katika England kila mwombaji mwenye sifa akaahidiwa usaili kwa chaguo lake la kwanza. Kabla jasho halijakauka, tarehe 25 Aprili, televisheni ya Channel 4 ilifichua kwamba habari za siri za waombaji, pamoja na anwani zao, zilikuwa wazi kwa mtu ye yote mwenye kompyuta. Msikilizaji anayelinda ghala la silaha hahitaji kuelezwa maana ya mlango kama huo. Waziri wa Afya, Patricia Hewitt, aliomba radhi, na katikati ya Mei mfumo huo ukawekwa kando.

Madaktari walifungua kesi wakashindwa. Hata hivyo Jaji alikiri kwamba manung'uniko ya wengi wao yalikuwa ya haki, na kwamba mfumo ulianzishwa kabla ya wakati wake. Uchunguzi wa Sir John Tooke, uliokamilika Januari 2008, ulionyesha jambo ambalo jeshini lingeshangaza: madaraka yalitawanyika mno hata ikawa vigumu kusema nani hasa aliamuru nini.

Uingereza haikurudi kwenye barua za hospitali moja moja. Maombi hupitia mfumo mwingine wa pamoja, Oriel, uliotengenezwa kwa uangalifu zaidi. Lakini kompyuta haizai nafasi. Mwaka 2025 madaktari zaidi ya 30,000, wakiwamo wengi kutoka nchi za ng'ambo, waligombea nafasi zipatazo 10,000.