Zebaki Itoke Majumbani mwa Wachimbaji



Katika mkoa wa Shinyanga na mkoa jirani wa Geita, ulioundwa mwaka 2012, dhahabu si habari ya jana. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966. Migodi mikubwa ya kisasa ikafuata, ule wa Geita mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Lakini kando ya migodi hiyo yenye uzio na mitambo liko jeshi kubwa la wachimbaji wadogo, watu wa maduara, makarasha na mialo, ambao jasho lao limejenga nyumba, limesomesha watoto na limeingiza fedha katika hazina ya taifa. Mazungumzo haya hayakusudii kuwabeza wananchi hao. Yanakusudia kuuliza swali moja tu: baada ya jasho hilo lote, mtoto wa mchimbaji anarithi nini, dhahabu au sumu?

Sumu yenyewe ni zebaki. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe na kuosha unga wake mwaloni, hubaki na mchanga mzito wenye chembe za dhahabu zisizookoteka kwa vidole. Humimina zebaki ndani ya karai, akakoroga. Zebaki ikazikamata chembe hizo na kuzifanya donge moja la rangi ya fedha. Kisha donge hilo huwekwa juu ya moto. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Kazi hii ya mwisho huchukua dakika chache na haihitaji mtambo wowote, kwa hiyo huweza kufanywa popote penye makaa: nyuma ya nyumba, uani, na hata juu ya jiko lile lile litakalosongewa ugali jioni.

Hapo ndipo lilipo kosa la fikra linalopasa kusahihishwa. Mtu aonapo zebaki imepaa hudhani imekwisha. La, haikwisha, imebadilika umbo tu. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, na anayeuvuta hakohoi kama anayevuta moshi wa kuni, ndiyo maana hashtuki. Takribani asilimia 80 ya mvuke uvutwao hupokewa na mapafu, ukachukuliwa na damu hadi ubongoni na katika figo. Unaobaki hewani ukipoa hurudi kuwa vitone vidogo juu ya kuta, nguo, vyombo na sakafu, navyo huendelea kutoa mvuke polepole hata pasipo moto.

Mtu mzima aliyezoea kuuvuta huanza kutetemeka mikono, kusahausahau, kuumwa kichwa na kukosa usingizi. Mtoto hupata madhara makubwa zaidi, kwa kuwa ubongo wake ungali unajengwa. Kwa kulinganisha na uzito wa mwili wake, yeye huvuta hewa nyingi kuliko mkubwa. Hutambaa sakafuni, mahali vitone vinapotua, kisha hutia vidole mdomoni. Hata yule aliye bado tumboni hakusalimika, maana zebaki hupenya kondo la nyuma na kumfikia.

Sheria za nchi hazikulala juu ya jambo la watoto na migodi. Tanzania iliridhia mwaka 2001 Mkataba Namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani unaopiga marufuku kazi mbaya kabisa kwa watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, na inakataza kazi za hatari, uchimbaji wa madini ukiwamo, kwa kila aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa iliyoeleza jinsi watoto, wengine wenye umri wa miaka minane, walivyokuwa wakichimba, wakibeba mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu katika maeneo ya Geita, Kahama na Chunya.

Sheria hizo ni za lazima na zitekelezwe. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba zinamtazama mtoto akiwa mfanyakazi. Mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni mwa mama yake wakati donge linachomwa hachimbi, habebi mawe wala halipwi ujira. Hayumo katika daftari la mkaguzi yeyote wa kazi. Ndugu zake wanaosoma darasa la pili, walioketi karibu na jiko wakiandika kazi ya shule, nao hawamo. Sumu haiulizi nani ameajiriwa. Kwa hiyo, kumtoa mtoto katika duara na kumrudisha katika nyumba inayochomewa zebaki ni kumhamisha kutoka hatari moja kwenda nyingine.

Jambo hili si dhana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki ulifanya uchunguzi katika kijiji cha Rwamagasa, Geita. Wataalamu walipima afya za wananchi, udongo, maji na samaki. Ilionekana kwamba waliobeba mzigo mkubwa zaidi wa zebaki mwilini walikuwa wale wachomaji wa madonge. Samaki wa ghuba ya Nungwe katika Ziwa Victoria walikutwa chini ya viwango vya kimataifa vya hatari, ilhali baadhi ya wale waliovuliwa karibu na sehemu za kuoshea dhahabu walivipita. Maana yake ni dhahiri: kadiri mtu anavyokaribia moto na mwalo, ndivyo anavyoikaribia sumu. Na hakuna anayekaa karibu na moto wa nyumbani kuliko mama na mtoto.

Walimwengu wengine wamelipa gharama kubwa kujifunza somo hili. Huko Minamata, nchini Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki baharini tangu mwaka 1932 hadi 1968. Ugonjwa ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956, ilionekana baadaye kwamba akina mama wenye dalili ndogo tu walikuwa wamezaa watoto walemavu wa mwili na akili. Zebaki ya Minamata iliingia kwa samaki, si kwa moshi, lakini fundisho ni lile lile: mwili wa mama haukuwa ngao ya mtoto. Karibu zaidi, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, wanavijiji walipeleka mawe ya dhahabu majumbani na kuyasagia huko. Mawe hayo yalikuwa na madini ya risasi. Mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa. Hawakufia mgodini, waliuawa na vumbi la uani kwao.

Sasa, kwa nini mchimbaji achome dhahabu nyumbani? Wako watakaosema upesi kwamba ni ujinga. Jibu hilo ni rahisi mno, nalo linampumzisha ofisa asiyetaka kufika kijijini. Mchimbaji huchoma nyumbani kwa sababu mali yake ni ndogo na huibika. Kwa sababu hataki wenzake wajue amepata kiasi gani. Kwa sababu pengine amekopeshwa zebaki na mnunuzi wa dhahabu anayeingoja mlangoni. Mnyonge hajichagulii sumu. Huipokea pamoja na deni. Kumkemea bila kumpa mahali pengine pa kuchomea, penye usalama wa mali yake, ni kuhubiri jangwani.

Mahali hapo panawezekana. Kipo chombo cha kufungia donge, kinachoweza kuundwa na fundi kwa mabomba ya kawaida ya maji. Donge hupashwa moto ndani yake, mvuke ukapita katika bomba, ukapozwa na kurudi kuwa zebaki inayotumika tena. Hivyo mchimbaji huokoa afya na fedha kwa pamoja. Chombo hiki kikiwekwa katika jengo la pamoja karibu na mwalo, mbali na makazi, chini ya usimamizi wa kikundi cha wachimbaji wenyewe wanaoaminiana, hoja ya wizi itapungua nguvu. Masoko ya madini, yaliyoanza mwaka 2019 na Geita ikiwa miongoni mwa za mwanzo, yamekwisha kuonyesha kwamba biashara ya dhahabu inaweza kutolewa vichochoroni ikafanywa mahali panapojulikana. Kilichowezekana kwa mzani kinawezekana kwa moto.

Wala hili si ombi la hisani. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi wa madonge, uchomaji katika maeneo ya makazi, na utumiaji wa sayanidi juu ya marudio yenye zebaki. Unataka pia pawepo mikakati ya kuwakinga watoto na wanawake, hasa waja wazito. Taifa liliandaa mpango wa utekelezaji wa miaka ya 2020 hadi 2025. Lakini mpango uliomo ndani ya jalada haumkingi mtoto yeyote. Unamkinga pale ofisa madini, ofisa afya, ofisa maendeleo ya jamii na mtendaji wa kijiji wanapokaa meza moja na kuuliza: katika kijiji hiki, moto unawashwa wapi?

Mhudumu wa kliniki ana nafasi yake. Mama mjamzito huulizwa kuhusu malaria na chakula. Aulizwe pia kama nyumbani kwake wanachoma dhahabu. Swali hilo halina gharama. Mwalimu naye ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani. Darasani hufundisha kwamba kioevu kikipata joto huwa mvuke, na mvuke ukipoa hurudi kuwa kioevu. Mfano wake huwa ni maji ya sufuria. Katika shule za Geita, Kahama na Msalala, mfano wa pili uwe zebaki. Mtoto atakayeelewa somo hilo atakwenda nalo nyumbani, na atajua kwamba karai la zebaki halirudi jikoni, kwamba nguo za kazini hazifuliwi pamoja na za mtoto mchanga, na kwamba zebaki iliyomwagika si kitu cha kuchezea. Wakulima wa ukanda huu wa pamba wanajua kwamba kopo la dawa ya wadudu halitiwi maziwa. Fikra hiyo hiyo ihamie kwenye zebaki.

Liko neno moja la mwisho, nalo ni zito. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi, na moja ya miiko hiyo ilikataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni. Miiko hiyo ililegezwa mwaka 1991. Leo mtumishi au mwalimu anaweza kugharamia duara, kumiliki karasha au kupangisha chumba kwa mnunuzi wa dhahabu bila kuvunja mwiko huo wa zamani. Lakini mwenye hisa katika duara ana hisa pia katika moshi wake. Akipokea mgawo wake bila kuuliza donge lilichomewa wapi, amejinyamazisha mwenyewe, na kesho hataweza kusimama mbele ya wazazi akawaambia wahamishe moto. Mwenye karasha anaweza kuweka sharti: hakuna kusaga kwake kwa anayekwenda kuchomea nyumbani. Mwenye nyumba anaweza kuweka sharti kama hilo kwa mpangaji. Masharti hayo hayangoji waraka kutoka Dodoma.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wamesema wahenga. Lakini ubongo wa mtoto si ukuta. Ukishaharibika haujengwi upya. Moto utoke nyumbani leo, watoto wakiwa bado wana uwezo wa kusoma, kukumbuka na kushika kalamu bila mkono kutetemeka.