Gharama ya Kutengeneza Jiko Banifu



Hapa Dodoma mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, na mti ukikatwa hauoti upesi. Jiko bovu, basi, hutugharimu mara mbili: kwa fundi na kwa mkaa. Udongo wa ndani ukipasuka, joto hupotelea pembeni na gunia halifiki mwisho wa mwezi.

Wengi wetu hulitupa jiko zima, ilhali mara nyingi kilichoharibika ni udongo peke yake. Fundi aweza kuutoa, kuweka mwingine na kuuziba kwa saruji. Kabla ya kumkabidhi jiko, mwulizeni bei ya udongo mbali na bei ya kazi, kisha mlinganishe na bei ya jiko jipya sokoni. Bati likiwa limetobolewa na kutu, nunueni jipya.

Tena wanaoyapasua ni sisi wenyewe. Tunayamwagia makaa maji jikoni humo humo ili kuokoa mkaa wa kesho. Hata kwangu tulifanya hivyo. Udongo wenye moto hauvumilii maji ya ghafla. Yahamishieni makaa kwenye debe lenye mfuniko, nje ya nyumba. Na jiko likitoka kwa fundi, msiliwashe mpaka saruji ikauke.